Ombi Lako Limekataliwa: Kutafuta Kosa Kwenye Sahihi

Mtu akiniletea kompyuta yake hapa Kisumu na kuniambia "sahihi inakataliwa", swali langu la kwanza ni kama ameshatengeneza ufunguo mpya. Karibu kila mara ameshatengeneza, tena mara mbili au tatu. Namwelewa. Seva imejibu 403, imesema sahihi hailingani, na akili inakimbilia ufunguo kwa sababu ndicho kitu pekee cha siri katika shughuli nzima. Lakini ufunguo ni nadra kuwa na hatia. Kinachokosewa ni maandishi: wewe umetia sahihi kwenye maneno fulani, seva imesoma maneno yanayotofautiana na yako kwa nafasi moja, alama moja au saa tatu. Ukiyapata maandishi ya pande zote mbili ukayalaza pamoja, kosa utaliona kwa macho.

Haya niliyoandika ni ya mtu anayeandika mwenyewe programu ya kutia sahihi maombi kwa mtindo wa AWS (huduma za wingu za Amazon) uitwao Signature Version 4, ambao pia hutumiwa na hifadhi nyingine zinazoiga S3 (hifadhi ya faili ya AWS), kama MinIO. Kama mashine yako inaweza kubeba maktaba rasmi ya lugha unayotumia, itumie, na usione haya. Ila wengi huku kwetu tunafanya kazi na vifaa vidogo vya mizani, vipimo vya mvua na kamera za bei nafuu, ambavyo havina nafasi ya maktaba nzima, na hapo hakuna njia ila kuandika hesabu kwa mkono.

Kinachotiwa sahihi hasa

Waliojifunzia kazi kwenye Daraja ya M-Pesa (lango lake la waandishi wa programu) wamezoea tokeni: unaiomba, unapewa, unaibeba kwenye kila ombi kwa muda wa kama saa moja, na yeyote aliyeishika anaaminiwa. Sahihi haifanyi kazi hivyo. Siri yako haisafiri kamwe. Unachotuma ni ombi pamoja na alama iliyopigwa kwa siri hiyo juu ya maneno ya ombi lenyewe. Upande wa pili unarudia hesabu kwa ombi lililofika, kisha unalinganisha alama mbili. Herufi moja ikibadilika njiani, alama yote inakuwa nyingine.

Hesabu ina hatua tatu. Kwanza unaliandika ombi upya kwa umbo moja lisilo na hiari, ambalo nitaliita ombi sanifu. Lina sehemu sita, kila moja ikianza mstari wake: kitendo kama GET au PUT, njia, vigezo vinavyofuata alama ya kuuliza, heda zilizochaguliwa (heda ni mistari ya maelezo inayotangulia mwili wa ombi), orodha ya majina ya heda hizo, na heshi ya mwili wa ombi, yaani alama fupi inayohesabiwa kutoka kwenye baiti zake zote. Pili unapiga SHA-256 (aina ya heshi) ya maandishi hayo na kuiweka kwenye matini fupi ya mistari minne: jina la algorithimu, ambalo ni AWS4-HMAC-SHA256, kisha saa, kisha wigo wenye tarehe, kanda (eneo la vituo vya data) na huduma, na mwisho heshi yenyewe. Tatu unatoa ufunguo wa siku kutoka kwenye siri yako kwa HMAC (heshi inayochanganywa na ufunguo) nne zinazofuatana, na kwa ufunguo huo unapiga HMAC ya matini. Unapata herufi 64, na hizo ndizo sahihi.

Nimeyaeleza haya kwa sababu kila dalili hapa chini inarudi kwenye mojawapo ya hatua hizi.

Soma jina la kosa kwanza

Majibu mengi ya kukataliwa hubeba namba ileile, 403, na watu huishia hapo. Namba haisemi kitu. Jina lililo ndani ya jibu ndilo linalosema.

Ukiona AccessDenied, kwa kawaida ujue sahihi yako imepita. Seva imekutambua vizuri, ila huna ruhusa ya kufanya ulichoomba. Usiguse programu ya sahihi. Nenda kwenye sera za ruhusa. Nimeona vijana wawili mahiri wakipoteza siku nzima ya Jumamosi wakirekebisha hesabu ambayo haikuwa na kasoro hata kidogo, kwa sababu hawakusoma neno hilo moja.

InvalidAccessKeyId, au InvalidClientTokenId kwenye huduma zisizo S3, maana yake seva haikijui kitambulisho ulichotuma, kile cha herufi 20. Hapa hesabu haina la kufanya. Ama umekosea kunakili, ama ufunguo umefutwa. Tazama pia kinaanza na nini: AKIA ni ufunguo wa kudumu, ASIA ni wa muda. Wa muda lazima uambatane na tokeni yake kwenye heda ya x-amz-security-token, na watu husahau heda hiyo wanapohamisha funguo kutoka faili moja hadi nyingine.

RequestTimeTooSkewed, au ujumbe usemao sahihi imepitwa na wakati, ni habari ya saa. AuthorizationHeaderMalformed mara nyingi ni kanda. Na SignatureDoesNotMatch ndiyo ile ya kulaza maandishi pamoja.

Dalili: inapita asubuhi, inakataa jioni, au inakataa baada ya stima kurudi

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu saa ndiyo inayotusumbua kuliko kitu kingine.

Seva hupima saa uliyoandika kwenye ombi dhidi ya saa yake. S3 inavumilia tofauti ya dakika 15, huduma nyingine nyingi dakika 5 tu. Saa yenyewe huandikwa hivi: 20250314T061500Z. Ile Z ya mwisho ni ahadi kwamba umeandika saa ya UTC, saa ya pamoja ya dunia. Kenya iko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima, na hatubadilishi saa kwa msimu. Kwa hiyo simu ikionyesha 9:00, sisi tunasema ni saa tatu asubuhi, nayo seva inataka kusikia 06. Hesabu tatu kwa dakika moja. Haishangazi kwamba tunachanganyikiwa.

Kosa la kwanza ni kuchukua saa ya mashine, kuibandikia Z, na kuondoka. Kwa Python ni `datetime.now()` badala ya `datetime.now(timezone.utc)`. Kwenye seva ya mbali, ambayo kwa kawaida imewekwa UTC, programu itapita bila tatizo. Kwenye kompyuta yako ya Kondele itakuwa saa tatu mbele, na itakataliwa kila mara. Ukisikia mtu akisema "kule juu inafanya kazi, kwangu haifanyi", anza hapa.

Kosa la pili ni la usiku wa manane. Tarehe inatokea mara mbili: ndani ya saa, na ndani ya wigo. Mtu akichukua saa kwa UTC lakini tarehe ya wigo kutoka kwenye kalenda ya mashine, mambo yatakwenda sawa mchana kutwa. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, kalenda yetu imeshageuka na ya UTC bado, na kila ombi litakataliwa. Kazi za kunakili data ambazo watu hupenda kuzipanga usiku, wakati bando ni rahisi, huangukia hapo hapo. Chukua saa mara moja tu, iweke kwenye kigezo kimoja, na tarehe uikate kutoka kwenye herufi nane za mwanzo za saa hiyo.

La tatu ni zuri kulitambua kwa sababu lina ratiba. Mtu ameandika fomati ya saa kwa `%I` badala ya `%H`, yaani saa ya kumi na mbili badala ya ya ishirini na nne. Matokeo yake ombi linapita kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa kumi jioni, kisha linakataliwa usiku kucha. Ukiona mpaka huo wa saa kumi kwa saa kumi, hauhitaji uchunguzi mwingine.

Halafu kuna stima. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa yenye betri. Mfumo wake huandika saa kwenye kadi mara kwa mara, na stima ikirudi huanza kuhesabu kutoka pale ilipoandika mara ya mwisho. Stima ikiwa imepotea kwa saa mbili, kifaa kinaamka kikiamini kwamba saa hizo mbili hazikuwahi kupita. Kikipata mtandao kitajirekebisha, lakini modemu huchelewa kuamka kuliko kifaa, na programu yako inaweza kuanza kutuma kabla ya marekebisho. Vifaa vidogo zaidi, kama ESP32, huamka wakiamini ni mwaka 1970. Hapo huenda usione hata kosa la sahihi, kwa sababu kifaa kikikagua tarehe za cheti, muunganisho wa HTTPS unavunjika kwanza: cheti cha seva kinaonekana hakijaanza kutumika. Kwa hiyo kosa la cheti baada ya stima kurudi ni kosa la saa lililovaa nguo nyingine.

Namna ya kupima ni rahisi. Andika `date -u` kwenye kifaa, kisha `curl -sI` kwa anwani ya huduma, usome heda ya Date kwenye jibu. Hata jibu la kukukataa hubeba saa ya seva. Tofauti ya hizo mbili ndiyo hukumu. Dawa ya kudumu ni kusubiri saa isawazishwe kabla ya ombi la kwanza. Mtandao wa ofisi ukizuia NTP (itifaki ya kusawazisha saa) kwenye mlango 123 wa UDP, chukua heda hiyo ya Date, pata tofauti, na uiongeze kila unapotia sahihi. Maktaba rasmi kadhaa hufanya hivyo kimyakimya. Na kama kifaa kitakaa mahali stima inapotea kila wiki, moduli ya saa ya DS3231 yenye betri yake ya kifungo itakuondolea adha nyingi kwa gharama ndogo.

Bado kuna jambo moja la saa, na hili ni la ziwani. Tulikuwa na programu ya simu ya kupiga picha mizani ya samaki Dunga. Mtu anapiga picha ya mbuta wake, programu inatia sahihi papo hapo, inaweka ombi kwenye foleni, na mtandao ukirudi inalituma. Mtandao ulikuwa ukirudi baada ya dakika arobaini. Kila picha iliyopigwa mbali na ufuo ilikataliwa, na kila iliyopigwa karibu na barabara ilipita, nasi tukaanza kulaumu aina za simu. Foleni inapaswa kubeba ombi tupu. Sahihi hutiwa wakati wa kutuma, na hutiwa upya kila unaporudia kujaribu.

Kulaza maandishi mawili pamoja

Kama saa iko sawa na bado unapata SignatureDoesNotMatch, sasa fanya kazi ambayo watu hukwepa. S3 inapokataa sahihi, jibu lake la XML hubeba CanonicalRequest na StringToSign, yaani ombi sanifu na matini kama seva ilivyoyaona. Watu huchapisha namba ya kosa tu na kutupa jibu lenyewe. Lihifadhi kwenye faili. Kwenye programu yako nawe andika ombi sanifu lako kwenye faili nyingine, kabla halijapigwa heshi. Kisha:

`diff yangu.txt ya_seva.txt`

Kama `diff` inakataa kwamba yanafanana na macho yako hayaoni tofauti, tumia `cat -A` ili nafasi za mwisho wa mstari na alama za Windows zijitokeze. Jibu la S3 pia lina maandishi hayohayo yakiwa yameandikwa baiti kwa baiti, na mara chache utalazimika kufika huko.

Huduma zisizo na ukarimu huo zitakulazimisha ukague sehemu sita moja moja. Usichapishe siri kwenye logi ukiwa unatafuta. Maandishi ya ombi hayana hatari kubwa. Siri inayo, na logi hupitishwa kwenye WhatsApp bila mtu kufikiri.

Dalili: faili hii inapita, ile inakataliwa

Ukijaribu na "picha1.jpg" inapita. Mteja akianza kutumia majina yake mwenyewe, baadhi yanakataliwa. Kosa liko kwenye usimbaji wa njia.

Sheria ni fupi. Herufi za A hadi Z, kubwa na ndogo, tarakimu, na alama nne ambazo ni kistari, nukta, mstari wa chini na `~` huachwa kama zilivyo. Kila kingine huandikwa kwa asilimia na tarakimu mbili za herufi kubwa, yaani %2F na siyo %2f. Mkwaju unaotenganisha folda kwenye njia huachwa. Nafasi ni %20, kamwe siyo alama ya kujumlisha. Lugha nyingi zina kazi ya usimbaji inayokaribia sheria hii bila kuifikia. `urlencode` ya PHP inaandika nafasi kama kujumlisha, tumia `rawurlencode`. URLEncoder ya Java inafanya hivyohivyo, tena inaiacha nyota na kuisimba `~`, kinyume kabisa cha kinachotakiwa.

Lakini inayotuuma sisi zaidi ni `encodeURIComponent` ya JavaScript, kwa sababu ya lugha zetu. Kazi hiyo haigusi alama ya mshangao, nyota, mabano, wala ritifaa ('). Na ritifaa tunayo kila mahali. Kikundi kimoja cha Siaya kilikuwa kikisajili mifugo kwa picha, kila picha ikiwekwa kwenye folda ya kijiji: Ng'iya, Nyang'oma, na ndani yake ng'ombe 014, ng'ombe 015. Mbuzi na kuku walipita wote. Ng'ombe hawakupita. Programu ilitia sahihi kwenye njia yenye ritifaa tupu, seva ikasoma %27.

Kilichonichelewesha ni kwamba ng'ombe waliosajiliwa kwa simu moja ya kikundi walipita bila shida. Kibodi ya simu ile ilikuwa ikigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Iliyopinda ni herufi nyingine kabisa, na `encodeURIComponent` huisimba vizuri kuwa %E2%80%99. Kwa hiyo jina moja, lililotamkwa vilevile na kuandikwa na mtu yuleyule, lilipita kwenye simu moja na kukataliwa kwenye nyingine. Suluhisho la sahihi ni mstari mmoja unaosimba alama zile tano zilizosalia baada ya `encodeURIComponent`:

`.replace(/[!'()*]/g, c => '%' + c.charCodeAt(0).toString(16).toUpperCase())`

Ila nakuomba usikubali kumwambia mteja aache kuandika ng'. Ni programu inayopaswa kujifunza kuandika majina ya watu na mahali pao. Pia amua aina moja ya ritifaa na ugeuze majina yote kabla ya kuhifadhi, la sivyo utakuwa na folda mbili za Nyang'oma zinazofanana machoni.

Kuna mtego mwingine kwenye njia. S3 inataka njia isimbwe mara moja. Huduma nyingine zinataka ombi sanifu libebe njia iliyosimbwa mara mbili, hivi kwamba nafasi iliyokuwa %20 inakuwa %2520. Ukinakili programu yako ya S3 kwenda kwenye huduma nyingine, hili litakusubiri huko.

Vigezo vya baada ya alama ya kuuliza vina mambo yake mawili. Vipange kwa majina yaliyokwisha kusimbwa, kwa mpangilio wa namba za herufi, ambapo herufi kubwa zote hutangulia ndogo. Na kigezo kisicho na thamani hubeba alama ya sawa hata hivyo: `?acl` kwenye anwani ni `acl=` kwenye ombi sanifu.

Dalili: GET inapita, POST inakataliwa

Tazama mwili. Ulichopigia heshi sicho ulichotuma. Njia ya kawaida ya kufika hapo ni kugeuza data kuwa JSON mara mbili: mara ya kwanza wewe mwenyewe kwa ajili ya heshi, mara ya pili maktaba ya HTTP inapotuma. Ukitumia `requests` ya Python na kuipa `json=`, itaandika JSON yake, na si lazima nafasi zake zilingane na za kwako. Geuza mara moja, ishike ile matokeo kama baiti, ipigie heshi, na uitume hiyohiyo kwa `data=`.

Kwa faili, tatizo huwa jingine. Unasoma faili hadi mwisho kwa ajili ya heshi, kisha unampa mtumaji faili hilohilo ambalo kielekezi chake kiko mwishoni, naye anatuma utupu. Ukisahau kupiga heshi kabisa, au ukisoma faili lililokwisha kusomwa, utapata heshi inayoanza na e3b0c44298fc. Hiyo ni SHA-256 ya kitu kitupu. Ikariri tu; ukiiona mahali ambapo ulikuwa na data, umeshapata jibu.

Kama mwili uko sawa, tazama Content-Type. Maktaba kadhaa huongeza `charset=utf-8` mwishoni bila kukuuliza, na kama heda hiyo imo kwenye orodha ya zilizotiwa sahihi, sahihi imekufa.

Dalili: kwangu inapita, ofisini kwa mteja inakataliwa

Ofisi moja ya Nakuru ilikuwa na proksi, yaani seva ya katikati, inayofungua trafiki ya HTTPS na kuifunga upya. Proksi ya namna hiyo inaweza kubadilisha heda, na programu yetu ilikuwa imetia sahihi kwenye kila heda iliyokuwepo, hata User-Agent. Hilo lilikuwa kosa letu zaidi kuliko lao. Tia sahihi kwenye Host, kwenye zote zinazoanza na x-amz-, na Content-Type kama ipo. Heda ambazo wapita njia hupenda kuzigusa, kama User-Agent, Connection na Accept-Encoding, ziache nje.

Host yenyewe hubadilika kwa njia mbili. Seva ya Nginx iliyowekwa katikati, bila maelekezo mengine, huandika Host ya anwani inayoipelekea ombi, siyo ile uliyotia sahihi. Na ukielekezwa kwingine kwa jibu la 301 au 307, maktaba ikifuata maelekezo ikiwa na sahihi ya zamani, seva mpya itasoma Host mpya na kukataa. Zima ufuataji wa moja kwa moja. Ukielekezwa, tia sahihi upya.

Kanda na huduma

Hapa pafupi. Wigo unataja kanda, nayo lazima iwe kanda ya hifadhi yenyewe. Wengi wetu tumeweka data Ireland, eu-west-1, au Cape Town, af-south-1, huku mfano tulionakili umeandikwa us-east-1. S3 itakuambia waziwazi ilitarajia kanda gani. Jina la huduma pia si lazima liwe lile lililo kwenye anwani: huduma ya barua pepe ya SES inaishi kwenye anwani inayoanza na "email", lakini kwenye wigo huitwa "ses".

Siri yenyewe

Nimesema ni nadra, lakini hutokea. Siri ina herufi 40. Ihesabu:

`printf %s "$SIRI" | wc -c`

Ukipata 41, kuna mstari mpya au alama ya Windows iliyojishika mwishoni ulipoinakili. Usitumie `echo` kuhesabu, maana yenyewe huongeza mstari. Siri nyingi zina mkwaju au alama ya kujumlisha ndani yake, na zikipitishwa kwenye fomu ya tovuti, alama ya kujumlisha inaweza kurudi ikiwa nafasi. Idadi itakuwa 40 bado, kwa hiyo tazama na herufi zenyewe.

Dalili: kiungo cha kupakua kinakataa

Kiungo kilichotiwa sahihi kabla hudumu siku 7 kwa upeo, yaani sekunde 604800. Kikitiwa sahihi kwa ufunguo wa muda, kinakufa pamoja na ufunguo huo hata kama uliandika siku saba. Kikipitia kwenye ukurasa wa HTML, `&` inaweza kugeuka `&amp;` na vigezo vikavurugika. Na ukikipima kwa `curl -I`, utapata 403 hata kikiwa kizima, kwa sababu umetuma HEAD, na kitendo ni mstari wa kwanza kabisa wa kile kilichotiwa sahihi. Kipime kwa GET.

Kama maandishi yanalingana na sahihi bado haifanani

`diff` ikinyamaza, yaani maandishi ni yaleyale hadi baiti ya mwisho, basi kosa liko kwenye mnyororo wa HMAC. Upime peke yake, bila mtandao. Mfano unaotolewa na AWS wenyewe una siri hii ya kujaribia:

`wJalrXUtnFEMI/K7MDENG+bPxRfiCYEXAMPLEKEY`

Inakili na alama yake ya kujumlisha, kwa sababu kuna mfano wao mwingine unaofanana nayo ila una mkwaju mahali hapo. Tumia tarehe 20150830, kanda us-east-1, huduma iam. Ufunguo unaotoka, ukiandikwa kwa heksadesimali, uwe huu:

`c4afb1cc5771d871763a393e44b703571b55cc28424d1a5e86da6ed3c154a4b9`

Ukipata kingine, kagua mambo matatu. Je, uliweka "AWS4" mbele ya siri kwenye HMAC ya kwanza? Je, umebadilisha nafasi za ufunguo na ujumbe, kwa kuwa maktaba nyingine huanza na kimoja na nyingine na kingine? Na je, kila HMAC inaipa inayofuata baiti zake ghafi, au umeigeuza kuwa maandishi ya heksadesimali katikati? Hili la mwisho ndilo ninalolikuta mara nyingi. Heksadesimali inaandikwa mara moja tu, kwenye sahihi ya mwisho. Ukishapata namba ile, ugeuze mfano huo uwe jaribio la kudumu kwenye mradi wako, pamoja na njia moja yenye nafasi na ng' ndani yake.